Kadi 200 zimetoka na "KALAMU YA HARUSI". Watu wanne tulisoma. Nani alipe?

#1 Kaka Mkubwa Tabata

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu wa kike anaolewa mwezi ujao. Kamati ikanipa kazi moja tu: kadi. Jana jioni nimezifuata tulikochapisha, mitaa ya Kariakoo. Kadi 200, maandishi ya dhahabu, utepe, bahasha zake. Nimefika nyumbani mama kachukua moja, kavaa miwani, kaanza kusoma kwa sauti:

"Familia ya Bw. na Bi. J. wa Tabata inayo furaha kubwa kukualika wewe Bw/Bi/Dk/Prof .............. kwenye kalamu ya harusi ya binti yao mpendwa, itakayofanyika siku ya Jumamosi tarehe 31 Novemba kuanzia saa 12:30 jioni. Kadi hii ni ya watu wawili."

Kimya. Halafu mama: "Kalamu? Kwani tunawaita watu waje kuandika?"

Nilitaipu mimi. Bibi harusi akasoma. Mwenyekiti wa kamati akasoma, na ni mwalimu. Kijana wa steshenari akasoma. Hakuna aliyeona. Leo kila anayeishika anaona hata kabla hajakaa.

Sasa nauliza. Kwa nini kosa linajificha mpaka lichapwe? Na hasara ni ya nani? Kijana anasema nilisaini sampuli. Ni kweli nilisaini.

Maoni karibu, matusi hapana. Nyumbani nimeshatukanwa ya kutosha.

#2 mchumba_wa_mtu

Nimewahi siti. Nimekuja na kalamu yangu.

#3 Dada wa Bungoni

Pole mkuu, ila nimecheka mpaka mtoto kaamka. Shukuru ni kalamu. Kadi ya kaka yangu ilitoka "MAHARI: Ukumbi wa Kanisa". Upande wa bibi harusi wakapiga simu kuuliza kama ukumbi wote ndiyo wanapewa wao.

#4 Ngosha Original

Jibu ni fupi: R na L. Sisi wa Shinyanga R kwetu ni mgeni, anakaribishwa kwa heshima ila hakai. Uchaguzi ukifika tunakwenda kupiga kula. Mahari, mahali, kura, kula, karamu, kalamu, bara, bala. Tafuta aliyetaipu kabila lake utapata jibu lako.

#5 Mura wa Tarime

Ngosha njoo uchukue R kwetu, tunazo za kumwaga. Sisi tumepungukiwa L tu. Rabda tubadirishane.

#6 Kaka Mkubwa Tabata

Ngosha nimekuelewa, ila aliyetaipu ni mimi, na nimezaliwa Amana nikakulia Tabata. Karamu natamka vizuri. Hata hapa nimeiandika vizuri. Siku ile vidole ndivyo vilivyosema kalamu, kichwa hakikuwepo.

#7 Kibegi

Tatizo ni kompyuta. Word inakijua Kiingereza. Ukiandika Kiswahili inapiga mistari myekundu ukurasa mzima, kama daftari la mtoto aliyefeli. Baada ya wiki macho yanazoea nyekundu, na siku kosa la kweli likipigiwa mstari hulioni. Simu ndiyo balaa zaidi. Unaandika "kama" inakuwekea "karma". Niliwahi kumtumia bosi "Karma inawezekana naomba ruhusa".

#8 Dada wa Bungoni

Kibegi, hata kompyuta ijue Kiswahili chote, kalamu ingepita. Si ni neno halali? Kompyuta itajuaje kwamba harusini watu hula na hawaandiki?

#9 Kibegi

Hapo umenifunga.

#10 Fundi Pleti

Nimeingia kiwanda cha uchapaji mwaka 1974, enzi za herufi za madini ya risasi, nikatoka na mgongo mbovu. Naona vijana mnaandika kana kwamba makosa yalizaliwa na kompyuta.

Herufi zilikaa kwenye sanduku pana lenye vijumba vingi, kila herufi na kijumba chake. Unachomoa moja moja, unazipanga kwenye kishikio cha chuma mkononi, zikiwa kichwa chini na sura imegeuka kama kwenye kioo. Ukimaliza kuchapa unazirudisha kila moja kwao. Sasa mwanafunzi wa kazi amechoka, anawaza daladala, anatupa n kwenye kijumba cha u. Kesho mtu mwingine anachomoa. Mkono unajua njia, jicho halishughuliki. Linatoka neno "nynmba". Aliyekosea hayupo, na anayegombezwa hakukosea.

Halafu herufi zenyewe zilikuja zimepimwa kwa Kiingereza. E tele, wala hatuna kazi nazo. Kiswahili kinakula A, K na W. Ukifika ukurasa wa tatu A zimekwisha, unasubiri ukurasa wa kwanza uchapwe, ubomolewe, ndipo uendelee. Na huku bwana mkubwa amesimama mlangoni anataka gazeti lake.

Baadaye ikaja mashine ya kuyeyusha risasi, inayotoa mstari mzima kwa mpigo. Raha tupu, ila ukikosea herufi moja unapiga upya mstari wote. Unakwenda kutengeneza koma, unaharibu neno la nne lililokuwa zima. Au mstari mpya unachomekwa pasipo pake, aya inakuwa uji. Nimeona makosa mengi zaidi yakiingia siku ya kusahihisha kuliko siku ya kwanza.

Na jicho likishapata kosa moja linashiba. Tulifundishwa hivi: ukikuta kosa kwenye mstari, usiendelee. Rudi mwanzo wa mstari uleule usome upya, maana la pili hupenda kukaa jirani.

Kijana wa Tabata, ulisaini. Hasara ni yako.

#11 mchumba_wa_mtu

Shikamoo mzee Fundi. Hii "E tele hatuna kazi nazo" nitaitumia kazini.

#12 Fundi Pleti

Marahaba.

#13 Mwalimu Mstaafu Korogwe

Nimesahihisha insha miaka thelathini na mbili. Ninyi mnahangaika na mashine, mimi nasema ni jicho. Mtu akisoma alichoandika mwenyewe hasomi karatasi, anasoma kilichomo kichwani. Sentensi anaijua, kwa hiyo jicho linaruka kama mbuzi kwenye mawe. Dawa: soma kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza, ili maana isikubebe. Weka rula chini ya mstari. Kisha mpe mtu asome kwa sauti huku wewe umeshika nakala ya asili. Mama yako aliona kwa sababu alisoma kwa sauti na hakuwa kwenye kamati. Kazi ya uhairi inadharauliwa sana nchini kwetu.

#14 Ngosha Original

Mwalimu, samahani. Uhairi ndiyo nini?

#15 Mwalimu Mstaafu Korogwe

Uhariri. Vidole.

#16 Mura wa Tarime

🤣🤣 Uzi umepata shahidi.

#17 Sheikh Mdogo wa Jangwani

Ninyi mnalia na kadi 200. Kule Ujerumani mwaka 1613 walichapa Biblia ikatoka amri inasema "Zini". Mchapaji akanyongwa.

#18 mtoro_wa_maktaba

#17 habari unayo, vipande umechanganya. Si Ujerumani, ni London. Si 1613, ni 1631 (tarakimu zimepishana, na huu ni uzi wa makosa ya uchapaji, hongera). Wachapaji walikuwa Robert Barker na Martin Lucas. Kwenye Kutoka 20:14 lilidondoka neno moja la Kiingereza la kukanusha, amri ikawa ruhusa. Hawakunyongwa. Walitozwa faini ya pauni 300, wakanyang'anywa leseni, nakala zikakusanywa zikateketezwa. Chache zilizobaki leo watu wanazinunua kwa pesa nyingi.

Kwa nini lilidondoka hakuna anayejua. Wapo wanaosema ni uchovu wa mpanga herufi, na wapo wanaosema mshindani wa Barker alipenyeza mkono. Ugomvi wa kibiashara ulikuwepo kweli, ushahidi wa mkono ndio haupo.

#19 Fundi Pleti

Hakuna mkono. Neno fupi mwisho wa mstari hudondoka lenyewe. Nimelidondosha sana.

#20 Wakili wa Mtaani

Afadhali wao Kiingereza chao kinahitaji neno zima lidondoke. Sisi Kiswahili chetu kinakanusha kwa herufi moja. Atakuja, hatakuja. H tu. Na nusu ya nchi hii H wanaitamka wakijisikia.

Nimewahi kushika mkataba wa pango uliotaipiwa kwenye kibanda jirani na mahakama. Kifungu cha 6: "Mpangaji hatalipa bili zote za maji na umeme." Mwenye nyumba alitaka "atalipa". Kasaini yeye, kasaini mpangaji, mjumbe kagonga muhuri. Mwezi wa tatu luku ya pamoja imekwisha, mpangaji anatoa karatasi kutoka chini ya godoro: baba, soma cha sita.

Tulimaliza kwa kuongea, maana mpangaji mwenyewe alijua walivyokubaliana kwa mdomo. Ila alikula umeme wa bure miezi mitatu. Tangu siku hiyo kila kitenzi chenye "ha" mbele nakizungushia duara.

Kuhusu swali la mleta uzi: kama faili ulilopeleka lilikuwa na kosa, ni lako. Kama faili lilikuwa zima na kosa limeingia kwake baada ya wewe kusaini sampuli, ni lake. Ndiyo maana sampuli uliyosaini unaondoka nayo nyumbani, humwachii.

#21 Kaka Mkubwa Tabata

Nilimwachia 😔

#22 Nyanya Chungu

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu. Nina steshenari, mkoa sitaji. Mnatusema sana, na sisi tusemwe ukweli wetu. Tunachapa ulicholeta. Mara moja tu nilijitia kumsaidia mteja. Alileta kadi ya kipaimara, jina la mtoto "Happyness". Nikaona aibu, nikaweka I. Kadi 150. Mama kaja: "Mwanangu ni Happyness, ndivyo ilivyo kwenye cheti cha ubatizo, umembadilisha nani kakuruhusu?" Nililipa zote. Tangu hapo hata ukileta "Hapinesi" nachapa hivyohivyo na risiti nakupa.

Kwa hiyo yule kijana yawezekana aliona kalamu akanyamaza.

#23 Dada wa Bungoni

Dada, umenifanya niwaonee huruma wenye steshenari kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

#24 Binti Kisauni

Hamjambo, wa huku Mombasa nami niingie. Mama yangu aliuza leso miaka mingi, nyinyi mwaita kanga. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi. Mteja haangalii rangi kwanza, asoma jina, maana leso ni barua. Sasa fikirini leso kwa miaka na miaka zimechapwa ng'ambo, Uholanzi, Uingereza, Japani, Uhindi, siku hizi Uchina. Aliyepanga yale maandishi Kiswahili hajakisikia hata ndotoni. Kwake ni michoro.

Siku moja yaliingia marobota jina limeandikwa "MAPENZI NI KIKOHOZI HAYAWEZI KUFIKICHIKA". Kufichika ndiyo ilotakiwa. Mama akashika kichwa. Akayatundika nyuma ya duka. Alokuja kuyaona akacheka akanunua doti mbili, akaenda kusimulia. Wallahi yaliisha kabla ya yale mazuri. Kina mama wakasema hiyo ya kufikichika ndiyo kweli zaidi.

#25 mchumba_wa_mtu

Nataka doti moja. Sitanii.

#26 Mlamu Halisi

Binti Kisauni, na kabla ya hapo jina la leso liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na huko ndiko kwenye mashaka yenyewe. Maandishi ya zamani ya Kiswahili kwa Kiarabu hayakutenga b, p na mb. Ukiona ba-ta, waamua mwenyewe ni bata, pata au mbata. Irabu vilevile, u na o sura moja, i na e sura moja. Wasomi wa tenzi wabishana hadi leo mshairi alisema nini. Mengine mnayoita makosa ya chapa ni makosa ya aliyesoma.

#27 Msafiri wa Muscat

Mlamu umenikumbusha. Msahafu wa kwanza kamili kupigwa chapa ulifanywa Venice, kwenye 1537 au 1538, na baba na mwana, Paganino na Alessandro Paganini. Herufi zao zilikuwa mbovu, hata herufi za dal na dhal hazikutofautishwa sawasawa. Nakala zikapotea zote, mpaka 1987 ikaonekana moja kwenye maktaba ya watawa hukohuko Venice. Wengine walisema Papa alizichoma, wengine kwamba zilipelekwa kwa Waturuki zikakataliwa kwa makosa yake.

Kesi yangu mwenyewe ni ndogo ila ilinitoa jasho. Cheti cha kuzaliwa Khamis, pasi ya kusafiria Hamisi, tiketi Khamisi. Mtu mmoja, majina matatu, uwanja wa ndege saa tisa usiku. Aliyekosea yuko nyuma ya dirisha la ofisi fulani miaka kumi iliyopita, anayetoka jasho ni mimi. Nikarudi kula kiapo kwa wakili kwamba hao watatu ni mimi.

#28 Wakili wa Mtaani

Viapo vya majina ndivyo vinavyotulipia kodi ya ofisi. Endeleeni kukosea.

#29 Kisumu Ndogo

Sisi Kenya tuko na zetu. 2010, kabla ya kura ya maoni, nakala za Katiba iliyopendekezwa zikatoka kwa mpiga chapa wa serikali ziko na maneno ya ziada kwenye ibara ya 24, kwa haki za raia: maneno mawili ya Kiingereza ya kusema usalama wa taifa. Haikuwa kwa ile rasimu Bunge ilipitisha. Mwanasheria Mkuu Amos Wako akaagiza uchunguzi. Sasa niambieni, herufi ya n kuingia kijumba cha u naelewa. Maneno mawili, yenye maana, mahali hasa pa kupunguza haki za watu? Hayo yalidondoka kutoka wapi?

#30 Binti Kisauni

Na 2022 je? Mimi nilisimama foleni hapa Mombasa Agosti, kumbe kura ya gavana haipo. Karatasi za kura zilichapwa Ugiriki, zikaja na picha za wagombea wasio wetu. Kakamega pia. Tukarudishwa tarehe 29 Agosti. Foleni mara mbili kwa kosa la karatasi.

#31 Ngosha Original

Hapo mlipigwa kula kweli.

#32 Mura wa Tarime

Naona #29 anataka kusema makosa mengine si makosa. Namuunga mkono. Umeshawahi kuona bili ya maji imekosewa kwa kupungua?

#33 Sheikh Mdogo wa Jangwani

Wakuu, kuna koma moja iliangusha roketi ya Wamarekani iliyokuwa inakwenda mwezini. Hii nina uhakika.

#34 mtoro_wa_maktaba

Sheikh wangu, nakupenda ila keti chini. Ilikuwa Mariner 1, tarehe 22 Julai 1962, na ilikuwa inakwenda sayari ya Zuhura. Haikuanguka, iliyumba wakailipua wenyewe sekunde 293 baada ya kuruka. Na si koma. Hadithi maarufu inasema ni kistari kilichosahaulika kwenye programu. Maelezo mengine ni kwamba kilikuwa kistari cha juu ya herufi kwenye milinganyo iliyoandikwa kwa mkono, kile kinachomaanisha "chukua wastani", na aliyenakili hakukiona. Juu ya hapo antena nayo ilikuwa na hitilafu siku hiyo. Kwa hiyo hata NASA hasara haina mtu mmoja.

#35 Kibegi

Ongezea spinachi! Mtaalamu aliweka nukta ya desimali vibaya, dunia nzima ikaamini spinachi ina chuma mara kumi.

#36 mtoro_wa_maktaba

Hiyo nayo imeshafukuliwa. Waliokwenda kuitafuta hiyo nukta kwenye maandiko ya zamani hawakuikuta. Kosa la nukta ndilo lililobuniwa, na vitabu vikanakiliana miaka mingi, tena vitabu vinavyofundisha watu wasinakili bila kuhakiki.

#37 Dada wa Bungoni

Yaani kosa kuhusu kosa. Kichwa kinauma, naenda kupika mchicha.

#38 Nyanya Chungu

Mimi nawaliwaza na hela. Chile mwaka 2008 walitengeneza sarafu za peso 50, jina la nchi yao likaandikwa "CHIIE". Zikazunguka mtaani mpaka mwishoni mwa 2009 ndipo mtu akaona, na mkubwa wa kiwanda cha sarafu akafukuzwa. Australia nao walitoa noti ya dola 50 mwaka 2018, kwenye maandishi yale madogo ya usalama neno la Kiingereza la "uwajibikaji" likakosa i. Limerudiwa mara kadhaa kwenye noti ileile, na zilishachapwa noti milioni 46. Neno lenyewe uwajibikaji, jamani! Kama waliolipwa kulinda pesa za nchi hawakuona, wewe na yule kijana wa Kariakoo ni kina nani?

#39 Fundi Pleti

Noti hiyo naielewa. Maandishi madogo hayasomwi na mtu, yanapimwa tu kama yametoka safi. Wa mashine anaangalia wino, wa usalama anaangalia rangi, mkubwa anaangalia saini yake. Kila mmoja ametazama na hakuna aliyesoma.

Kiwandani kwetu prufu, ile nakala ya kusahihisha, ikipitia kwa watu watano ilitoka mbaya kuliko ikipitia kwa mmoja. Wa kwanza anasema wapo wanne nyuma yangu. Wa tano anasema wamepita wanne mbele yangu.

#40 Mwalimu Mstaafu Korogwe

Nakubaliana na Fundi kwa sehemu. Lakini mtu huyo mmoja awe analipwa. Wachapishaji wetu siku hizi mwandishi ndiye mhariri, ndiye msomaji prufu, na mkewe ndiye msambazaji. Mwaka 2017 vitabu vya kiada vyenye makosa vilifika mpaka Bungeni. Tulipiga kelele mwezi mmoja, tukarudi kulala. Mimi wajukuu wangu huwapa shilingi mia kwa kila kosa wanalolipata kitabuni. Mwaka huu nimefilisika.

#41 Ngosha Original

Mwalimu mjukuu wako mimi hapa. "Uhairi". Mia yangu.

#42 mchumba_wa_mtu

Mleta uzi leta mrejesho. Kadi zimekwenda au zimechomwa? Mimi ushauri wangu ulikuwa uchukue kalamu ugeuze L iwe R, utumie kalamu kurekebisha kalamu.

#43 Kaka Mkubwa Tabata

Mrejesho, wakuu.

Tulijaribu hiyo ya kalamu. Maandishi ni ya dhahabu, wino wa bluu juu yake unaonekana kama mtoto kachezea. Tukajaribu stika, shangazi akasema inafanana na bei ya soksi. Mwenyekiti wa kamati (mwalimu yule) akapendekeza tuziache, tuseme ni kalamu ya kuandika historia ya wawili hawa. Bibi harusi akatoka kikaoni.

Mwisho kijana wa Kariakoo kaonyesha utu. Karatasi nimelipa mimi, kazi kafanya bure. Zimetoka leo asubuhi, 200 mpya. Sikutaka kuleta kosa jingine kama alivyosema mzee Fundi, kwa hiyo faili ni lilelile, sikugusa kitu, nimebadilisha neno moja tu. Safari hii tumesoma watu saba. Mama kasoma kwa sauti. Neno karamu tumelisoma herufi kwa herufi, ka-ra-mu, hadi jirani kauliza kama tunafundisha chekechea. Zimeanza kusambazwa tangu saa nne, 120 zimeshaondoka na bodaboda.

Zile za zamani shangazi kachukua moja kaweka kwenye fremu. Nawashukuru wote. Mods mnaweza kufunga uzi.

#44 Dada wa Bungoni

Hongereni! Tuwekee picha ya kadi mpya.

#45 Kaka Mkubwa Tabata

Hiyo hapo. Jina la familia nimelifunika.

#46 Binti Kisauni

Mashaallah, imependeza. Karamu imekaa sawa.

#47 Mura wa Tarime

Safi sana. R imetoka kwetu hiyo.

#48 Fundi Pleti

Dhahabu imeshika vizuri. Kijana anajua kazi.

#49 msomaji_kimya

Habari. Nipo humu miaka sita, sijawahi kuandika kitu. Kaka, nimekuza picha, halafu nimerudi kusoma #1. Samahani kama nakosea mimi. Novemba ina siku ngapi?